Faru Waliingia na Karatasi, Twiga Walitokaje?

Katika mwaka 2010 ndege mbili zilibeba wanyama pori kuingia na kutoka Tanzania, na kila nikizikumbuka naona kuwa zinatosha kutueleza habari yote ninayotaka tuizungumze juma hili. Ndege ya kwanza ilitua Serengeti mwezi Mei, ikiwa na faru weusi 5 kutoka Afrika Kusini. Rais Jakaya Kikwete alikuwapo mwenyewe kuwapokea. Ndege ya pili iliruka kutoka uwanja wa Kilimanjaro mwezi Novemba kuelekea Qatar, na ndani yake, kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyofikishwa baadaye mahakamani mjini Moshi, mlikuwa na wanyama na ndege hai 136 wa aina 14, wakiwamo twiga 4. Thamani yao ilitajwa kuwa shilingi milioni 170.5. Hao hawakusindikizwa na kiongozi yeyote, wala wananchi hawakuambiwa kwamba wanaondoka.

Faru waliingia na karatasi. Twiga, mahakama iliambiwa, walitoka bila kibali. Lakini msiniharakishe. Habari hii si nyepesi kiasi cha kusema kwamba penye karatasi pana haki na pasipo karatasi pana wizi. Ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa ni kuchapa karatasi nyingi tu.

Tuanze na jambo tunalolijua. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka ng'ombe mnadani anajua kwamba huwezi kumswaga mnyama kutoka wilaya moja hadi nyingine hivi hivi tu. Kuna kibali cha kusafirisha mifugo, na bwana mifugo atataka kujua mnyama ametoka wapi na kama ni mzima. Ng'ombe, hata hivyo, ana mwenyewe. Mwenye ng'ombe akikataa kuuza, mambo yameishia hapo. Mnyama pori hana mwenyewe wa kukataa. Kwa sheria za Tanzania yeye ni mali ya umma iliyo mikononi mwa serikali, na ndiyo maana hata pembe au ngozi yake huitwa nyara za serikali. Mtu binafsi akitaka kuwa naye lazima apewe kibali cha kumkamata, kisha apate hati inayoonyesha kuwa anammiliki kihalali, kisha kibali cha kumpeleka nje, na pamoja na hivyo cheti cha daktari wa mifugo. Kila karatasi huuliza swali lake. Nani alikuruhusu? Ulimpata wapi? Ni mzima? Unampeleka kwa nani?

Zamani maswali haya hayakuulizwa. Wenzetu wa Malindi walipeleka twiga China mwaka 1415, mwaka mmoja tu baada ya twiga mwingine kufika huko kutoka Bengali. Wachina walimwona kuwa ni yule mnyama wa heri wa ngano zao, qilin, wakamchora, na mchoro ukabaki. Wajumbe wa Malindi walifuatana na mnyama wao mpaka kwa mfalme, na safari kubwa ya merikebu za Wachina iliyoanza 1417 ilikuwa, pamoja na mengine, ya kuwarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao. Naomba mlishike hilo: mnyama alikwenda na watu waliomjua, na aliyempokea alijua ametoka kwa nani. Hapakuwa na muhuri wa forodha, lakini palikuwa na mtu wa kujibu.

Karatasi zilikuja na wakoloni. Mwaka 1896 gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kulinda wanyama kwa koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na uwindaji ukawa ni jambo la leseni. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni Afrika yalikutana London yakatia saini mapatano ya kuhifadhi wanyama, lakini mapatano hayo hayakupata kutekelezwa kwa kuwa si wote walioyathibitisha. Mwaka 1933 wakakutana tena London, na safari hiyo wakakubaliana, pamoja na mengine, kwamba nyara zisitoke katika nchi bila hati ya kuziruhusu. Kwa Mwafrika karatasi hizo zilikuwa na uchungu wake. Babu aliyekuwa akiwinda kwa upinde alilala mwindaji akaamka jangili, kwa sababu leseni iliuzwa kwa bei asiyoiweza na kwa lugha asiyoisoma. Mzungu aliyekuwa nayo aliendelea kuwinda na kupigwa picha mguu ukiwa juu ya mzoga. Sisemi hayo kwa kinyongo. Nasema kwa kuwa mpaka leo wako watu vijijini wanaoitazama karatasi ya wanyama kama karatasi ya wakubwa, na hawakuiota fikra hiyo.

Baada ya vita kuu ya pili biashara ya wanyama hai ilikuwa kubwa Kenya na Tanganyika. Waliosoma au kuona sinema wanaikumbuka "Hatari!", iliyotoka 1962, ambayo John Wayne anafukuza faru kwa lori karibu na Arusha ili awapeleke katika bustani za wanyama za ng'ambo. Watu waliiona kama mchezo, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Ni katika miaka hiyo hiyo, 1961 na 1962, faru weusi 7 walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa mbuga ya Addo huko Afrika Kusini. Faru hao nitawarudia, maana ndio kiini cha mazungumzo yangu.

Mwaka 1973, tarehe 3 Machi, nchi kadhaa zilitia saini mjini Washington mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ule tunaouita CITES. Ulianza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Kenya ilijiunga 1978, Tanzania 1979. Mkataba huu umegawa viumbe katika orodha tatu, na anayeandikwa katika orodha ya kwanza ndiye mwenye ulinzi mkali. Faru mweusi yumo humo. Mnyama wa orodha hiyo hatoki kwa kibali kimoja. Nchi anayokwenda lazima itoe kibali cha kumwingiza kwanza, na kabla ya kukitoa, wataalamu wake wahakikishe kwamba anayempokea ana mahali pa kufaa pa kumweka na kumtunza, na kwamba hachukuliwi hasa kwa ajili ya biashara. Hapo ndipo nchi anakotoka nayo hutoa cha kwake, baada ya wanasayansi wake kusema kuwa kuondoka kwake hakutadhuru wenzake waliobaki porini. Kibali hicho cha kutoka hudumu miezi 6 tu, na kila mzigo una kibali chake. Mnyama akikamatwa akisafirishwa kinyume cha sheria hutaifishwa, na anaweza kurudishwa alikotoka.

Ukiusoma mkataba wenyewe utasema umeziba kila tundu. Lakini aliyeuandika alikuwa mezani, na mwizi yuko njiani.

Tazameni habari ya Burundi. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo jirani, ambayo watu walikuwa wakisema ina tembo mmoja tu, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pembe za ndovu duniani. Pembe zilitoka Tanzania, Zaire na kwingineko, zikavuka mpaka usiku, na zikifika Bujumbura zikapewa karatasi. Mwaka 1986 CITES ilianzisha utaratibu mpya wa kila nchi kuwa na kiasi chake cha kuuza, na ili kuanza upya kwa usafi, ikakubali pembe zilizokuwa zimelundikwa ziandikishwe. Burundi iliandikisha kiasi cha tani 90. Singapore tani 270 hivi. Zilikuwa haramu jana, na kwa kuandikwa katika daftari zikawa halali leo, na bei yake ikapanda kwa sababu hiyo. Siku hizi watu husema fedha chafu zimetakatishwa. Pembe zilitangulia kutakatishwa, na sabuni ilikuwa ni karatasi. Burundi ilijiunga na mkataba 1988, baada ya serikali kubadilika. Mwaka uliofuata Kenya ikachoma tani 12 za pembe, na Tanzania ikawa mbele kupendekeza tembo ahamishiwe orodha ya kwanza. Jambo hilo likapita Lausanne mwezi Oktoba 1989.

Mtu ataniambia kwamba pembe ni pembe, haina uso, lakini mnyama aliye hai huwezi kumdanganya mtu juu yake. Unaweza. Mwezi Januari 2002 gorila wadogo 4 walisafirishwa kutoka Nigeria, wakapitia Johannesburg, wakafika bustani ya wanyama ya Taiping nchini Malaysia. Gorila yumo katika orodha ya kwanza. Karatasi zao zilisema kwamba walizaliwa bustanini, mjini Ibadan. Waliochunguza walikwenda Ibadan wakaikuta bustani ina gorila mmoja, naye jike. Sasa nauliza kama mkulima wa kawaida angeuliza: jike mmoja, bila dume, na kwa umri wa watoto wale wanne unaolingana, aliwazaaje? Hakuna afisa wa nchi tatu aliyeuliza hivyo mzigo ulipopita mbele yake. Waliangalia muhuri. Baada ya mabishano marefu gorila wale walipelekwa Pretoria mwaka 2004, na mwishoni mwa Novemba 2007 wakafikishwa Limbe, Cameroon, upande wa dunia walikotoka ndugu zao. Miaka karibu 6 ilitumika kurekebisha uongo wa mstari mmoja.

Mstari wenyewe una herufi yake. Katika kibali cha CITES pana mahali pa kuandika asili ya mnyama. Ukiandika W maana yake ametoka porini. Ukiandika C maana yake amezaliwa kizuizini, na hapo sheria hulegea, kwa kuwa mnyama wa bandani hapunguzi wa porini. Ni jambo la busara kabisa. Ila Guinea, kati ya mwaka 2009 na 2011 hasa, ilionyesha busara hiyo inavyoweza kutumiwa. Zaidi ya sokwe mtu 100 walipelekwa China kwa vibali vilivyoandikwa C, na Guinea haikuwa na mahali popote pa kuzalisha sokwe. Sokwe mtu jike huzaa mtoto mmoja, na hupita kama miaka mitano kabla hajazaa mwingine. Ili mtu auze kwa makumi kila mwaka angehitaji banda la majike mamia. Banda kubwa hivyo lingeonekana hata na mpita njia. Mwaka 2013 nchi zote zilitakiwa kusimamisha biashara ya viumbe hao na Guinea, na Agosti 2015 aliyewahi kuwa mkuu wa ofisi iliyotoa vibali hivyo alikamatwa. Kumbukeni kwamba karatasi zile hazikughushiwa uchochoroni. Zilitoka ofisini penyewe.

Sasa turudi kwa faru wetu. Wale 7 wa Kenya waliopelekwa Addo walizaa, na wajukuu wakawa wengi. Huko nyumbani, kuanzia miaka ya 1970, majangili waliwamaliza jamaa zao. Serengeti, Tsavo, Ngorongoro, kote hesabu ilianguka vibaya. Baadaye Waafrika Kusini wakaamua kwamba Addo irudishiwe faru wa aina ya kwao wa magharibi, na hawa wa Afrika Mashariki, ambao ni aina nyingine ndogo, watafutiwe pengine. Wangekuwa wamechanganywa na wengine bila kumbukumbu, jambo lingeishia hapo, kwa sababu mtu hawezi kumtazama faru usoni akajua babu yake alikamatwa wapi. Lakini walikuwa wameandikwa. Daftari lilisema ni nani, mama yake ni nani, na kwamba ukoo wote ulitoka Kenya. Kwa nguvu ya daftari hilo faru 4 walirudi Afrika Mashariki mwaka 1997, Mkomazi, na wengine 4 mwaka 2001. Wale 5 wa Mei 2010 waliotua Serengeti ni wa ukoo huo huo, wakiwa wa kwanza katika mpango wa kurudisha 32. Mwaka 2017 Rwanda nayo ilipokea 18 katika mbuga ya Akagera, ambako faru walikuwa wametoweka.

Hiyo ndiyo karatasi ninayoiheshimu mimi. Kibali cha miezi 6 kilikuwa kipande chake cha mwisho tu. Nyuma yake palikuwa na karibu miaka 50 ya mtu kuandika nani kazaliwa na nani kafa. Kibali cha Ibadan nacho kilikuwa na muhuri, lakini nyuma yake hapakuwa na daftari, palikuwa na jike mmoja ndani ya banda.

Wala sisemi kwamba karatasi nzuri inamlinda mnyama na kila kitu. Mmoja wa faru wale 5, aliyeitwa George, aliuawa na majangili kabla mwaka 2010 haujaisha. Na mwaka 2018 Kenya ilihamisha faru 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki, ndani ya nchi moja, kwa idhini zote za serikali, wakafa wote 11. Maji ya huko yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea, na kadiri walivyokunywa kiu ilizidi. Kumbe miongoni mwa maswali ya kuulizwa kabla ya kutia saini lilikuwamo na hili: atakunywa nini?

Tufike kwa twiga. Wengi mtadhani kwamba ndege ile ya Qatar ilivunja mkataba wa CITES kuhusu twiga. Haikuwezekana kuuvunja. Mwaka 2010 twiga hakuwa katika orodha yoyote ya mkataba huo. Aliingizwa katika orodha ya pili katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2019, kwa pendekezo ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa waliolileta na Tanzania miongoni mwa waliolipinga, ikisema twiga wake ni wengi na wanaongezeka. Kwa hiyo Novemba ile ya 2010 kilichomlinda twiga kilikuwa ni sheria ya Tanzania peke yake, na watumishi wa Tanzania peke yao. Afisa wa forodha wa Qatar hakuwa na orodha ya kimataifa ya kumtafuta twiga ndani yake.

Na twiga si almasi. Hafichwi mfukoni. Lazima akamatwe porini na watu wenye magari na kamba, awekwe zizini siku nyingi azoee, alishwe majani, apakiwe katika kreti refu, asafirishwe barabarani ambako kila mtoto atapiga kelele akimwona, kisha aingizwe uwanja wa ndege wenye geti, askari, forodha na mnara wa kuongozea ndege. Jambo hilo lilipofika bungeni mwaka 2011 maafisa wa idara ya wanyamapori walisimamishwa kazi. Desemba 2014 mahakama ya Moshi ilimtia hatiani mshtakiwa wa kwanza, raia wa Pakistan, ikampa kifungo cha miaka 60. Yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameruka dhamana. Washtakiwa wenzake watatu, Watanzania, waliachiwa huru. Sina ugomvi na mahakama, ambayo hupima ushahidi iliyoletewa. Nasema tu kwamba twiga 4 walipita mbele ya macho mengi sana, na mwisho wa kesi mwenye hatia akawa mmoja, naye hayupo.

Machi 2016 uwanja ule ule wa Kilimanjaro ukawa tena katika habari, safari hii kwa tumbili 61 waliokuwa wapelekwe Albania. Mwezi Mei serikali ikatangaza kufunga kabisa usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi kwa miaka mitatu, na muda huo ulipokwisha mlango haukufunguliwa. Wengi walishangilia. Mimi naelewa shangwe hiyo, ila nadhani tuite jambo kwa jina lake. Serikali inayopiga marufuku kile inachokitolea vibali yenyewe inasema kwamba haiamini vibali vyake. Na marufuku ya namna hiyo humkuta mkamataji wa vinyonga na vyura wa Arusha aliyelipa ada zake zote, akamwacha yule asiyekuwa na haja ya kibali tangu mwanzo.

Juni 2022 mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori ilitoa taarifa kwamba wafanyabiashara waliokuwa bado na wanyama mabandani wangepewa miezi 6 ya kuwasafirisha. Watu wakapiga kelele, wakakumbusha twiga wa Qatar, na kabla ya siku nyingi kupita waziri akaisimamisha ruhusa hiyo. Waliopinga na waliotetea walibishana sana kama mlango ufunguliwe au la. Wanyama wenyewe, waliokamatwa kwa vibali vilivyolipiwa kabla ya Mei 2016, walikuwa wangali mabandani mwaka wa sita, wakilishwa kwa gharama ya watu waliokuwa wakiulizia fidia yao.